Je, Wajua? Tumbo Linauma, Vipimo Vinasema Safi

Barabara itokayo Kibiti hupita Mkongo kabla ya kufika Mloka, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ng'ambo ya Mto Rufiji ndiko Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji. Katika ukanda huu wote ukisema tumbo linakusumbua utatajiwa majina matatu hata hujamaliza kueleza: taifodi, amiba, vidonda vya tumbo. Kina bibi watakuongezea la nne, chango. La tano halitajwi sana, nalo ndilo tunalolizungumza hapa: ugonjwa wa utumbo kukereka, ambao hospitalini huitwa kwa kifupi IBS. Mwenye nao hupimwa choo, mkojo na damu, akapigwa hata ultrasaundi, akaambiwa hana kitu. Hurudi nyumbani na maumivu yaleyale, na juu ya hayo anabeba shaka ya watu kwamba anajitia ugonjwa. Hajitii. Anaumwa kweli.

Je, wajua kwamba IBS hugunduliwa zaidi kwa mazungumzo kuliko kwa mashine?

Madaktari hutumia vigezo viitwavyo vya Roma, kwa sababu mji huo ndiko wataalamu walikoanza kuviandaa. Toleo la nne lilitoka mwaka 2016. Linataka tumbo liwe limeuma walau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na maumivu hayo yaandamane na mawili kati ya haya: yazidi au yapungue mtu anapokwenda haja, idadi ya kwenda haja ibadilike, au choo chenyewe kibadilike umbile. Tena dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi sita nyuma. Kwa hiyo tumbo lililochafuka juzi baada ya harusi si IBS. Wagonjwa nao hawafanani: wapo wanaofunga choo, wapo wanaoharisha, na wapo ambao wiki hii wanafunga na wiki ijayo wanaharisha.

Ili mgonjwa asione haya kueleza choo chake, madaktari wawili wa Bristol, Uingereza, Stephen Lewis na Ken Heaton, walichapisha mwaka 1997 jedwali la picha lenye aina saba za choo, kuanzia vigololi vikavu hadi maji matupu. Aina ya tatu na ya nne ndizo za kawaida. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole, mambo yanakwisha.

Je, wajua kwamba anayelalamika gesi huenda hana gesi kumzidi jirani yake?

Jambo hili lilipimwa nchini Marekani na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1975. Watafiti walisukuma gesi nje ya utumbo wa watu wanaolalamika kujaa, wakafanya hivyohivyo kwa watu wazima wa afya. Makundi yote mawili yalikuwa na kiasi kinachokaribiana: kama mililita 200, yaani chini ya kikombe cha chai. Miaka miwili kabla ya hapo, mtafiti Ritchie huko London alikuwa ameingiza puto dogo katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na kulijaza hewa pole pole. Lilipofika mililita 60, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa utumbo kukereka walisikia maumivu. Kwa watu wasio na ugonjwa huo, waliosikia maumivu kwa kiasi hichohicho hawakufika kumi katika mia.

Hapo ndipo ulipo msingi wa ugonjwa huu. Utumbo wa mgonjwa haujaoza, haujatoboka, hauna kidonda. Neva zake ndizo zimekuwa nyepesi mno kusikia, na misuli yake huenda mbio au huzubaa pasipo mpangilio. Kuta za utumbo zina seli za neva zaidi ya milioni 100, na karibu asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili, kemikali ambayo watu huihusisha na ubongo na furaha, hutengenezwa humohumo tumboni. Ubongo na utumbo huzungumza mchana na usiku. Katika IBS mazungumzo hayo yamevurugika, na hakuna hadubini ya zahanati inayoweza kuona mazungumzo.

Je, wajua kwamba kuhara kunaweza kupona na ugonjwa ukabaki?

Hili linawahusu watu wa Rufiji na Kibiti kuliko wengi. Aprili 2024 mto ulifurika, ukaingia mashambani na majumbani. Maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyoo, na kuhara hufuata. Wengi hupona ndani ya siku chache. Lakini kwa wastani mtu mmoja katika kila kumi waliopata maambukizi ya utumbo hubaki na IBS miezi mingi baada ya vijidudu vyenyewe kwisha. Anapopimwa choo hakuna kinachoonekana, maana kweli hakipo tena. Kilichobaki ni utumbo uliojeruhiwa hisia zake.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana mbali na kwetu, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada. Mei 2000 maji ya bomba yalichafuliwa na samadi, watu zaidi ya 2,000 wakaugua na saba wakafariki. Watafiti waliwafuatilia walionusurika kwa miaka minane. Miaka miwili hadi mitatu baada ya tukio, 28 hivi kati ya kila 100 waliokuwa wameugua walikuwa na IBS. Mwaka wa nane walikuwa wamepungua hadi 15. Kwangu takwimu hizo zina faraja na onyo pamoja: ugonjwa hufifia kwa wengi, ila kwa pole pole, na kuchemsha maji kunazuia mengi zaidi ya kipindupindu.

Bonde hili lina historia ndefu ya maradhi ya tumbo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mapema mwaka 1917, majeshi ya pande mbili yalikwama kwenye mvua na matope ya Rufiji. Wapagazi, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao, walilishwa unga wa mahindi ambao wengi wao hawakuuzoea, mara nyingi ukiwa haujaiva kwa kukosa muda na kuni. Malaria na kuhara damu viliua wengi kuliko risasi. Walionusurika walirudi makwao na matumbo ambayo hakuna daktari aliyeyafuatilia. Mwaka 1962, N. A. Chaudhary na S. C. Truelove wa Oxford walipochapisha uchunguzi wa wagonjwa 130, waligundua kwamba baadhi yao shida ilianza baada ya kuhara damu. Uchunguzi huo ndio uliowafungua wengi macho.

Je, wajua kwamba "taifodi ya kila mwezi" aghalabu si taifodi?

Kipimo cha Widal kilibuniwa mwaka 1896. Hakitafuti kijidudu chenyewe. Hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, au hutokana na vijidudu vingine kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watoto waliolazwa hospitalini Muheza, Tanga, ulionyesha kwamba kati ya wale ambao Widal iliwasoma chanya, ni sehemu ndogo tu waliothibitika kuwa na taifodi damu yao ilipooteshwa maabara. Mtu mzima anayeambiwa ana taifodi mara nne kwa mwaka, wala hana homa, ana haki ya kuuliza maswali.

Asipouliza, atapewa antibiotiki ya sipro. Mwezi ujao atapewa metronidazo, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, "ya amiba". Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma kwa majaribio mwaka 2003, yameokoa maisha mengi vijijini na sitaki kuyabeza. Lakini antibiotiki zinazomezwa bila sababu huua bakteria wema wa utumboni, na tafiti zinazihusisha na kuanza kwa IBS. Yaani dawa inayonunuliwa kutuliza tumbo inaweza kuwa ndiyo inayolichokoza. Katika haya yote, hili ndilo linaloniuma zaidi: fedha za korosho zinaishia kwenye vidonge visivyohitajika, na tumbo lenyewe linazidi kuharibika.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki iliifundisha dunia habari za ufumwele wa chakula?

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na baadaye akafanya kazi Mulago, Kampala. Aliona kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini. Pamoja na mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu Kenya na Uganda tangu 1929, alihitimisha kwamba siri ni chakula chenye makapi. Miaka ya 1970 hoja hiyo ilienea dunia nzima, na wagonjwa wa IBS Ulaya wakaanza kulishwa pumba za ngano.

Matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa. Mwaka 1994 watafiti wa Manchester waliwauliza wagonjwa 100 pumba zimewafanyia nini. Zaidi ya nusu walisema zimewazidishia, waliopata nafuu walikuwa kumi tu. Ufumwele unaosaidia IBS ni ule unaoyeyuka na kuwa ute, kama wa isabgol inayouzwa kwenye maduka ya dawa mijini. Basi mgonjwa akiambiwa aache sembe ale dona, na dona ikamjaza tumbo, asidhani ana mkosi. Makapi ya dona ni ya ule upande usioyeyuka. Dona ni chakula bora kwa walio wengi, ila yeye ajipime mwenyewe.

Kwa muda mrefu vitabu viliandika kana kwamba Mwafrika haugui ugonjwa huu. Mwaka 2002 G. N. Lule na E. O. Amayo walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki utafiti kuhusu IBS kwa Wakenya, na hoja hiyo ikapungua nguvu. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2021, uliohusisha watu zaidi ya 73,000 katika nchi 33, ulikuta kama wanne katika kila 100 ya waliojaza maswali mtandaoni wana IBS. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Je, wajua kwamba kifungua kinywa cha mgahawani kinaweza kuwa ndicho chanzo cha maumivu ya saa nne?

Tazama sahani iliyozoeleka: chapati mbili za ngano, mbaazi za nazi zilizokaangiwa kitunguu cha kutosha, chai ya maziwa. Ngano na kitunguu vina sukari ziitwazo fruktani. Mbaazi zina sukari nyingine za jamii ya kunde. Maziwa yana laktosi. Zote hizi ni wanga mfupi ambao utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Huvuta maji, hushuka utumbo mpana, na huko bakteria huuchachusha na kutoa gesi. Mwenye utumbo wa kawaida atajamba kidogo na kuendelea na shughuli zake. Mwenye IBS atakunjamana.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, wakiwamo Peter Gibson na Susan Shepherd, ndio walioikusanya jamii hii ya wanga kwa jina la FODMAP mwaka 2005 na kutunga mlo wa kuipunguza. Mlo huo una hatua tatu, na watu wengi hukosea kwa kuishia ya kwanza. Unapunguza vyakula hivyo kwa wiki nne hadi sita. Kisha unavirudisha kimoja kimoja, siku chache kila kimoja, uone kipi kinakuchokoza. Mwisho unakula kila kitu isipokuwa hicho ulichokibaini. Si mlo wa maisha, wala haumfai mtoto, mjamzito au aliyekonda bila mtaalamu wa lishe kumsimamia.

Rufiji ina bahati, kwa sababu chakula chake kikuu kimo upande salama. Wali wa mpunga wa bondeni hauna shida, mihogo ya kuchemsha kwa kiasi haina shida, samaki na kamba wa delta hawana wanga kabisa. Mayai, mchicha, karoti, bilinganya, papai, nanasi, machungwa na karanga huliwa na wengi bila matata. Maembe yaliyoiva ndiyo yenye fruktosi nyingi, na msimu wake hapa watu hula ndoo nzima. Korosho nazo, fahari ya Mkoa wa Pwani na kusini, zimo katika orodha ya wachokozi. Najua ni vigumu kumwambia mtu wa Kibiti asile korosho. Ajaribu wiki nne tu, ale karanga, kisha arudie korosho na asikilize tumbo.

Kitunguu na kitunguu saumu vina ujanja wake. Fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa vya kitunguu katika mafuta matupu, vitoe vyote, ndipo utie nyanya, samaki na tui. Harufu na ladha vinabaki, kichokozi kimetoka. Ukimimina tui kabla ya kuvitoa, kazi imeharibika, kwa sababu tui lina maji. Majani mabichi ya kitunguu hayana tatizo hilo. Kunde, mbaazi na maharage yaroweke usiku kucha, umwage maji yake, uchemshe kwa maji mapya, na uyamwage nayo. Sehemu ya sukari zile huondoka na maji hayo.

Maziwa yana kisa chake. Wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu miaka ya 2006 na 2007, wengi wakaingia Bonde la Rufiji na ng'ombe wao. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, baada ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, walitangaza kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko lao la vinasaba, tofauti na la Wazungu, linalowawezesha kusaga maziwa hata ukubwani. Asiye wa ukoo wa wafugaji mara nyingi hana badiliko hilo. Akinywa maziwa freshi tumbo likaunguruma, huenda si IBS, ni laktosi tu. Mtindi humpa shida ndogo zaidi.

Je, wajua kwamba mwezi wa Ramadhani unaweza kulituliza tumbo au kulichafua, kutegemea unavyofuturu?

Utumbo mpana hujikaza kila chakula kinapoingia tumboni, na chakula kingi kwa mara moja huukaza kwa nguvu. Anayefuturu kwa tende nyingi, tambi, maharage na juisi ya embe kwa kikao kimoja ameukusanya wanga wote mchokozi saa moja. Afuturu tende moja au mbili, uji, muhogo kidogo, apumzike mpaka baada ya Tarawehe ndipo ale wali. Daku asiikose. Pilipili kali na kahawa azipunguze, maana huharakisha utumbo.

Choo cha kuchuchumaa, ambacho wengine wanakionea haya, hunyoosha njia ya haja kubwa kuliko cha kukalia. Kwa anayefunga choo hiyo ni nafuu ya bure.

Je, wajua kwamba hofu hukaa tumboni?

Kati ya 2015 na 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipitia mauaji ya askari, viongozi wa vijiji na raia. Watu walilala mapema, wengine walihama. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba waliopitia vitisho na misiba mizito hupata IBS zaidi ya wengine. Hii haina maana kwamba ugonjwa ni wa kufikirika. Kemikali za hofu hugusa neva za utumbo moja kwa moja. Ndiyo maana mwaka 1984 Peter Whorwell wa Manchester aliweza kuwatibu wagonjwa sugu kwa njia ya usingizi wa kushawishi ulioelekezwa kwenye tumbo, na leo ushauri wa kisaikolojia umo katika tiba zinazokubalika.

La kushangaza zaidi ni jaribio la Ted Kaptchuk wa Harvard, mwaka 2010. Wagonjwa 80 waligawanywa: nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa na wakaambiwa wazi kwamba havina dawa, nusu hawakupewa kitu. Baada ya wiki tatu, 59 katika 100 ya waliomeza walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 wa upande wa pili. Makundi yote yalisikilizwa kwa upole na wahudumu. Nalitaja ili kila tabibu wa zahanati ajue kwamba dakika kumi za kumsikiliza mgonjwa zina uzito wa dawa.

Dawa halisi zipo pia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2008 yalithibitisha kwamba ufumwele unaoyeyuka, dawa za kulegeza misuli ya utumbo kama Buscopan, na mafuta ya mnanaa vinasaidia kuliko vidonge visivyo na dawa. Loperamidi huzuia kuhara, ingawa haigusi maumivu sana, na haifai kwa mwenye homa au damu katika choo.

Sasa lililo zito kuliko yote. IBS haitoi damu, haikondeshi, haileti homa wala upungufu wa damu, na kwa kawaida haimwamshi mtu usingizini. Ukiona lolote kati ya hayo, au uvimbe tumboni, au shida imeanza baada ya umri wa miaka 50, usijitibu kwa kubadili chakula. Katika bonde hili kuna kichocho na minyoo ya safura, na saratani ya utumbo haibagui. Mwanamke wa umri huo ambaye tumbo limeanza kujaa upya achunguzwe ovari pia. Nenda hospitali ya Utete, nenda ya Mchukwi, wakikuandikia rufaa ya Muhimbili usiiweke mfukoni.

Na wewe ambaye dalili hizo huna, lakini tumbo limekusumbua miaka, anza leo kuandika kwenye daftari la shule: ulikula nini, saa ngapi, tumbo likafanya nini, ulikuwa na wasiwasi gani siku hiyo. Andika kwa wiki nne. Daftari hilo lipeleke kwa daktari kabla ya kununua kidonge kingine, na mwombe alisome mkiwa pamoja.